Kitambaa cha Babu

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimemweza Mama Kanda! Duka lake na langu yanatenganishwa na ukuta mmoja, lakini wateja hunisalimia mimi kisha huingia kwake. Sote tunahamishia kanda za zamani kwenye kompyuta na kuzibana ziwe mafaili madogo. Yeye bado anabana video kwa 264, mtindo wa kubana wa enzi zile, na kila sekunde ya picha anaipa data ya kushiba. Mafaili mazito kama magunia. Mimi nimehamia 265. Nusu ya uzito, picha ile ile! Kasi ya biti nayo, yaani data ya kila sekunde, nimeishusha. Halafu nikaishusha tena. Nani anahesabu? Nimebandika tangazo mlangoni: SHEREHE NZIMA KWENYE SIMU YAKO. Mama Kanda alisoma, akauliza kama wageni waalikwa nao wataenea. Wivu tu.

Kazi ya kwanza: filamu ya harusi ya mama yangu. Jumapili Bibi anataka kuiangalia nyumbani kwake, pamoja na familia. Kanda yenyewe ilishaota ukungu, na aliyewahi kuihamishia kwenye kompyuta ni Mama Kanda. Bibi mwenyewe ndiye aliyempelekea, na mjukuu ana duka! Sijasahau.

Jumanne, 5 Machi
Nimebana. Harusi nzima imekuwa ndogo kuliko wimbo mmoja. Faili la mwanzo, lile la Mama Kanda, nimelifuta. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda kwa Bibi kufanya majaribio. Nikachomeka flashi. Sauti safi, vigelegele safi, picha hakuna. Kiza! Televisheni ya Bibi haijui 265. Bibi alisikiliza kwa adabu, akasifu nyimbo, kisha akauliza kama awashe taa. Nimemwambia televisheni yake ni mbovu. Amesema ina miaka mingi, lakini haijawahi kumficha mtu.

Sawa. Nitarudi 264, ila kwa biti zangu chache zile zile. Mama Kanda asijue.

Jumamosi, 9 Machi
Picha imetokea kwenye televisheni ya Bibi! Mama yangu bi harusi, anang'aa. Shangazi alipiga makofi. Nilikuwa naanza kuinama kupokea pongezi, Bibi akasogeza kiti mpaka karibu na kioo, akaweka kidole kwenye kona ya kulia, penye nguzo.

"Babu yako yuko wapi?"

Penye nguzo palikuwa na viraka vya rangi ya uji.

Shangazi ndiye aliyenieleza. Babu hakupenda kupigwa picha. Akiona kamera, anatoweka. Hakuacha hata moja ya kutundika ukutani. Siku ile tu ndipo aliponaswa, kule nyuma kabisa: anatoa kitambaa mfukoni, anafuta kiti cha Bibi, anakunja kitambaa, anakaa kama si yeye. Basi. Bibi huangalia filamu yote kwa ajili ya hapo. Mambo ya bi harusi anayajua, alikuwepo.

Mashine nimeinyima data, nayo imekitupa kile ambacho hakuna anayekiangalia. Haikumuuliza Bibi. Wala mimi sikumuuliza.

Tangu utotoni Bibi huniita mume wake mdogo. Leo mume mdogo kamfuta mume mkubwa. Alinishika mkono, akasema, "Usijali, mume wangu. Nitakuwa namkumbuka tu." Afadhali angenizaba kofi. Nilikwenda kulia chooni, maji ya bomba nimeyafungulia wasinisikie.

Jumapili, 10 Machi
Asubuhi nilikwenda kwa Mama Kanda kuazima waya. Waya sina haja nao. Nilisifia rafu zake. Nikasifia feni. Alinitazama mpaka sifa zikaniishia, ndipo nikasema yote, mpaka la chooni.

Hakucheka. Alivuta droo, akatoa flashi. Harusi ilikuwa humo tayari: 264, na biti za kushiba.

"Siku ulipobandika lile tangazo," alisema, "nilijua utakuja."

Jioni tulikaa wote kwa Bibi. Akapita mama yangu, zikapita keki, hakuna aliyezitazama. Wote macho kwenye nguzo. Akatokea! Mwembamba, koti limempwaya, anatazama huku na huku kama mwizi. Kitambaa kikatoka. Akafuta kiti, pembe zote. Akakunja. Akakaa, akaangalia dari.

Bibi alitaka tumrudishe. Tukamrudisha. Mara ya pili alikigusa kioo, akasema naye taratibu, kama mtu aliye chumba cha pili.

"Nilikuwa nakuona, mzee. Na kiti kilikuwa safi."

Nampenda Bibi. Nampenda na Babu, ambaye sikumkuta. Hata Mama Kanda leo nampenda.

Jumatatu, 11 Machi
Nimejifunza! Picha ya mtu haichezewi. Nimelibandua tangazo.

Nimenakili faili la Mama Kanda kwenye kompyuta yangu nilitunze daima. Tatizo: ni gunia kweli. Diski imejaa. Ila mchana nimesoma kuhusu mtindo mpya, AV1, unaoishinda hata 265. Nusu ya ile nusu! Babu atakaa humo kwa raha zake, kitambaa na vyote. Naanza naye leo hii, halafu hili gunia nalifuta. Tangazo nimelirudisha.

Mama Kanda ameuliza kupitia ukutani kama nimeshalifuta. Nimejibu bado. Akasema nikishalifuta nibishe hodi, anipe jingine. Mama wa watu, hana imani kabisa na teknolojia.