Kura za Wazee wa Kiwanda cha Magodoro

Kinanda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ukimgusa tu anaimba, hakuwa na hisa hata moja katika kiwanda cha magodoro. Lakini alipomsikia mwenyekiti wa bodi akilalama kwa kinyozi, masikio yalimsimama kama ya sungura.

"Wanahisa wadogo wataninyima kura," mwenyekiti alisema, povu shingoni. "Na kiwanja cha kiwanda nimeshamwahidi shemeji yangu, kwa bei ya kindugu."

"Mheshimiwa," Kinanda akadakia kutoka kiti cha pili, "mwanahisa anaruhusiwa kutuma mtu ampigie kura. Nikipata saini zao, nitapata nini?"

"Cheo cha mshauri wa kampuni. Ofisi yenye kiyoyozi."

Kinanda akauza pikipiki yake, akanunua chupa za chai za kugawa, akaanza kubisha hodi. Wanahisa hao walikuwa wastaafu wa kiwanda, waliopewa hisa kama kiinua mgongo. Kiwanja kikienda, kiwanda kingebaki hewani na hisa zao zingefaa kufungia karanga. Hilo Kinanda hakulitaja. Muungwana hamharibii mwenzake siku.

"Mama, miguu hiyo uihangaishe mkutanoni ya nini?" alimwambia mshonaji mstaafu, ambaye wenzake walimwita Dada Mkubwa. "Tia saini, niende kwa niaba yako. Wewe kaa unywe chai."

"Mungu akuweke, mwanangu. Chupa yenyewe inatunza joto?"

"Mpaka kesho!"

"Basi pita na kwa wifi yangu. Naye anazo hisa."

Akapita kwa wifi, kwa jirani wa wifi, mpaka chupa zikamwishia.

Siku ya mkutano, karani wa mlangoni alimvika utepe wa wawakilishi. Kinanda akaketi mbele, akamkonyeza mwenyekiti. Mwenyekiti akamkonyeza shemeji yake. Mara mlango ukafunguka, akaingia Dada Mkubwa na wastaafu wenzake, nguo zimenyooka kwa pasi.

"Mama! Si ulinituma mimi?"

"Nilikutuma. Halafu nikajituma na mwenyewe."

Kinanda akamkimbilia karani.

"Mwenyewe akifika, uwakilishi wake umekufa," karani akasema. "Ndiyo kanuni."

"Kwani wamefika wote?"

"Kaka, huu mkutano una chakula cha mchana. Hata aliyevunjika mguu amebebwa."

Kura zikapigwa. Kiwanja hakikuuzwa. Kisha Dada Mkubwa akainuka taratibu.

"Mwenyekiti, huyu aliyetaka kununua si kaka wa mkeo? Mbona hukututangazia? Au arusi ile tulicheza ya nani?"

Ukumbi ukalipuka. Afisa wa mamlaka ya masoko ya hisa, aliyekuwa akisinzia pembeni, akafumbua macho yote mawili. Mwenyekiti akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa hospitali, akatoka na shemeji yake bila kuaga.

Kinanda, mtu wa kujifariji, akajipanga kwenye foleni ya chakula. Karani akamvua utepe, akamnyang'anya na sahani.

"Hiki ni cha wanahisa na wawakilishi wao. Wewe ni nani?"

Kinanda akamgeukia Dada Mkubwa, ambaye tayari alikuwa anatafuna. "Mama, nisemee japo neno moja."

"Ningekusemea, mwanangu," akajibu, akifuta mdomo. "Lakini sina saini yako."