Matairi Mawili ya Safari ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimelifunua trela. Miaka minne limesimama nyuma ya nyumba chini ya turubai. Nyumba ndogo nzuri ya magurudumu mawili: kitanda, jiko, na mapazia ya mahameli niliyoshona kwa mikono yangu. Mimi ni fundi mapazia. Kitu kizuri nakijua nikikiona.

Jumamosi litampeleka mama mkwe kwa dada yake, huko juu ziwani. Jumapili dada mtu anatimiza miaka themanini, na hawajaonana miaka sita. Nyonga ya mama mkwe haitaki ngazi wala godoro la chini, na nyumba ya dada yake ni ngazi tupu, wajukuu kila kona. Kwa hiyo atalala kwenye trela, uani. Wazo langu! Mke wangu amenitengea chai mara mbili bila kuombwa.

Kisha akatokea shemeji, kaka wa mke wangu, Bwana Kipimo. Anafanya kazi gereji ya mabasi na kipimo chake cha upepo hukiweka mfuko wa shati, mahali ambapo watu wenye akili huweka kalamu. Akachuchumaa, akabonyeza ubavu wa tairi kwa ukucha. Ukucha ukazama. Akasema matairi yamekufa. Nikamwonyesha kwamba meno bado yapo yote. Akasema hata maiti ana meno.

Eti nitafute matairi ya trela, si ya gari dogo. Eti nisome tarehe iliyopigwa ubavuni, tairi huzeeka hata likikaa bure. Akajitolea kunitafutia. Nikamwambia asijisumbue. Mke wangu akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimemkumbusha kwamba huyo mkuu nimemzidi miaka miwili.

Jumanne, 4 Machi

Dawa ya viatu! Kwa nini watu hawalijui hili? Makopo matatu, rangi nyeusi, na brashi. Kufikia saa nne asubuhi nyufa zote zimeziba, matairi yanang'aa hadi unajiona. Nikamwita mama mkwe ashuhudie.

Alikuja amevaa gauni jeupe la safari, alikuwa analijaribu. Akaegemea gurudumu kidogo kupumzisha nyonga.

Gauni limelowekwa. Maji yamebadilishwa mara tano, bado meusi. Mke wangu amesema matairi mapya yawe yamefungwa kabla ya Alhamisi kwisha, la sivyo shughuli nzima anamkabidhi kaka yake. Afadhali nimbebe mama mkwe mgongoni!

Jumatano, 5 Machi

Ushindi.

Nilifika duka la matairi likifunguliwa. Muuzaji akanipokea vizuri mno. Akatoa matairi ya trela, mazito, ubavu mgumu kama ubao. Akaanza kunisomea namba: uzito linaoweza kubeba, wiki lilipotengenezwa, mwaka. Anayasifu tu. Anayapigapiga. Nikajiambia: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona haya yanatembezwa hivi?

Nikatoka nje kupata hewa. Mlangoni ana mnara wa matairi uliobeba kibao cha duka. Mawili ya juu, mapya! Meno marefu, na vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi huzaliwa navyo bado vipo, havijaguswa na barabara. Nikabonyeza. Laini. Miaka ishirini nashika vitambaa, vidole vyangu havidanganyiki.

Nikamwuliza haya je. Akasema hayo hauzi. Ni ya kuonyesha tu, yamekaa juani tangu alipofungua duka, tena ni ya gari dogo. Haa! Mtu hang'ang'anii kitu kibaya. Kadiri alivyokataa ndivyo nilivyozidi kuyapenda. Tulibishana saa nzima. Mwishoni akasema yaliyomo yamo, akayashusha, akaandika kwenye risiti kwa herufi kubwa: MNUNUZI AMEONYWA. Nimeitunza risiti. Si kila siku muuzaji anakiri kwa maandishi kwamba amekutana na mteja mgumu.

Alhamisi, 6 Machi

Yamefungwa. Fundi pancha aliniuliza mara mbili kama safari ni ndefu. Nikamwambia aangalie nati zake. Kisha nikamwagiza apunguze upepo nusu, maana nyonga ya mama mkwe inahitaji ulaini. Mkwe gani mwingine angefikiria hilo?

Tatizo likawa Bwana Kipimo, alituma salamu kwamba atapita akitoka kazini. Nikafikiri haraka. Nilikuwa na kipande cha mahameli kilichobaki. Nikayashonea magurudumu sketi! Marinda mawili, pindo la dhahabu, mpaka chini kabisa.

Alikuja. Alizitazama sketi kwa muda mrefu. Nikamweleza kwamba ndivyo matrela ya kisasa yanavyovaa. Akaniuliza kama nimesoma tarehe. Nikamwambia nimesoma kila kitu. Akaondoka bila kubishana, jambo ambalo si kawaida yake. Nadhani ameshindwa.

Ijumaa, 7 Machi

Majaribio. Nimelivuta trela kwa gari letu, nikazunguka mtaa mara moja kwa mwendo wa bibi harusi. Hakuna kilichotokea. Matairi imara!

Mchana mama mkwe akaleta zawadi ya kumpelekea dada yake: cherehani ya chuma, ya kukanyaga, na meza yake. Waliinunua pamoja wakiwa wasichana, wakajifunzia kushona wakipokezana kiti. Dada aliolewa mbali, cherehani ikabaki. Sasa anairudisha ili nayo ikae zamu upande wa pili. Watu wanne kuipandisha. Trela likashuka, sketi zikalala chini. Mke wangu akaniuliza kama matairi yataweza. Nikacheka.

Jumamosi, 8 Machi

Kilometa ya arobaini na moja, kwenye mlima.

Kwanza harufu ya kitambaa kinachoungua. Nikasema ni mashamba. Kisha mlio, trela likalala ubavu wa kushoto kama ng'ombe aliyechoka. Sketi ilikuwa inatoa moshi. Tairi lilikuwa vipande, vinyweleo vyote vipo. Sikuwa na tairi la akiba. Nani hununua la akiba wakati yale mawili ni mapya?

Nilitoa mapendekezo matatu. Mke wangu aliyakataa yote kabla sijamaliza la kwanza, akasogea pembeni na simu. Tukamtolea mama mkwe kiti, akakaa ukingoni mwa barabara na mkoba mapajani. Saa moja ikapita. Nikamwambia awe na subira, tutafika tu, kama si leo basi Jumatatu.

Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, mimi naweza kungoja. Dada yangu ndiye mwenye miaka themanini."

Hakupandisha sauti. Niliona aibu, aibu ya kweli. Mtu amekaa miaka sita anaingoja siku hii, nami nimemketisha kwenye vumbi kwa sababu ya kiburi. Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo ilipotokea pikapu ya Bwana Kipimo.

Alikuwa na matairi mawili ya trela, saizi kamili. Alichukua vipimo siku ile ya Jumatatu na kuyanunua Alhamisi, baada ya kuona sketi! Yaani mtu anakaa na matairi siku mbili akisubiri niharibikiwe. Roho gani hiyo? Nilikasirika hadi nikasahau nilichotaka kumwambia mama mkwe.

Akafunga yote mawili, akapima upepo, akakirudisha kipimo mfukoni. Mama mkwe akampangusa jasho kwa leso yake.

Jumapili, 9 Machi

Tulifika jana jua likizama. Dada mtu alikuwa amekaa getini tangu adhuhuri, amekataa kuingia ndani. Walishikana mikono. Leo sherehe yote imepita pembeni yao, wao wako kwenye cherehani: mmoja anakanyaga, mwingine anaongoza kitambaa. Nilitokwa na machozi. Nilimwambia mke wangu ni vumbi.

Ukipima vizuri, bila tairi kupasuka Bwana Kipimo asingekuja, na dada mtu, yaani mama mkubwa wao, asingemwona mtoto huyu wa mdogo wake. Nimelieleza hili wakati wa kukata keki. Watu waliinamia sahani zao, bila shaka wakitafakari.

Jumatatu, 10 Machi

Wameondoka. Mama mkwe ameamua kurudi na pikapu. Watatu kiti cha mbele: shemeji, mke wangu, na mama mkwe katikati, na nyonga yake ile, amebanwa kama kitabu. Alikuwa anatabasamu! Alinishika mkono dirishani akasema yeye trela amelishukuru, inatosha. Nimeelewa. Amenionea huruma kwa kazi niliyofanya, anataka nirudi kwa starehe, trela lote langu peke yangu. Heshima kama hii sijawahi kuipata katika ukoo ule.

Breki ya trela inalia kidogo upande wa kulia. Bwana Kipimo ameniapisha nisiliondoe trela mpaka Jumatano atakaporudi na vipuri. Jumatano! Tangu lini breki ikamshinda mtu mzima? Jikoni kwa mama mkubwa nimekuta mche wa sabuni ya kufulia. Nimeipaka breki pande zote mbili, na kelele zimekwisha kabisa, haigusi wala haikwaruzi.

Naondoka baada ya chai. Kurudi ni rahisi, barabara yote ni mteremko.