Ombi la Kuondolewa Kwenye Wafanyakazi na Kuandikishwa Kifaa

Kwako Mkuu wa Kitengo cha Programu,

Mheshimiwa, pole na majukumu. Mimi ni mjaribu programu wako wa chumba cha mwisho, meza ya katikati. Kushoto kwangu anakaa dada yangu wa tumbo moja, kulia kwangu mume wake. Uliponiajiri ulisema inapendeza watu wa familia kufanya kazi pamoja, na kwa kauli hiyo sina kinyongo nawe. Ninaleta ombi moja tu: jina langu lifutwe kwenye orodha ya wafanyakazi, liingizwe kwenye orodha ya vifaa, baada ya printa na kabla ya feni. Sababu zangu ni hizi:

1. Kama unavyojua, tunatengeneza kiini cha mfumo wa kengele za wagonjwa. Mgonjwa anabonyeza, ujumbe unaingia kwenye foleni, mfumo unatazama jedwali la njia kujua upelekwe kwa nesi yupi, kengele inalia. Foleni aliiandika shemeji. Jedwali aliliandika dada. Kila kimoja kina kufuli lake ili mikono miwili isikivuruge kwa wakati mmoja, na hilo ni jambo la busara. Ila ujumbe ukiingia, msimbo wa shemeji unafunga foleni kwanza, ndipo unaomba jedwali. Nesi akibadili zamu, msimbo wa dada unafunga jedwali kwanza, ndipo unaomba foleni ili zile jumbe zinazosubiri zigeuziwe njia. Mawili hayo yakitokea pamoja, huyu kashika hiki anangoja kile, yule kashika kile anangoja hiki, na hakuna anayeachia. Mashine haizimi wala hailalamiki. Inakaa tu taa zinawaka, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Mgonjwa wa majaribio ni mimi. Nimebonyeza hadi kidole kimeota sugu, na nesi haji.

Dawa yake ni ndogo: wote wawili wafunge kwa mpangilio mmoja, wowote ule. Nilipoandika hivyo kwenye ripoti, likazuka swali la nani abadilishe wake. Dada akasema hakuna mtu mwenye akili anayepanda gari kabla hajauliza linakwenda wapi. Shemeji akasema mgeni unampokea mizigo kwanza, mambo ya atalala chumba gani ni baadaye. Yakasemwa na mengine, ya harusi na ya kabla ya harusi. Tangu siku ile hawasemeshani.

2. Wasiposemeshana wao, nasema mimi. Dada, ambaye akinyoosha mkono anaweza kumfinya mumewe, ananigeukia: "Mdogo wangu, mwambie shemeji yako faili lile asiliguse." Namgeukia shemeji, namwambia, wakati amekwishasikia. Naye haridhiki na maneno peke yake. "Alivyosema hivyo, alikuwa amekunja uso?" Kwa hiyo inabidi nibebe na uso. Nikirudi na jibu, dada ananiuliza kama nina uhakika limefika lote. Shingo yangu sasa inageuka upande wa kushoto tu bila kuuma.

3. Ningevumilia kama ingeishia ofisini. Lakini, Mkuu, mimi nakaa kwao, chumba cha uani. Mezani shemeji anasema, "Mwambie dada yako chumvi imezidi," nami mdomo umejaa. Nameza, namwambia, naletewa jibu kwamba asiyetaka chumvi apike yeye. Nikienda kuoga wanapanga foleni mlangoni, kwa zamu, kila mmoja akingoja mwenzake aondoke, na kunipigia kelele za ujumbe kushinda sauti ya maji.

Hapo ndipo lilipotokea hili. Ijumaa jioni, nina sabuni machoni, dada alinituma maswali mawili kwa mpigo: je, shemeji anunue mkate, na je, yeye dada aende kwa mama akapumzike wiki moja? Nilimfikishia shemeji yote mawili. Akajibu la kwanza, "Ndiyo," na la pili, "Hapana, hakuna haja hata kidogo." Nikajifuta, nikamfikishia dada majibu yote mawili, kamili, bila kupunguza neno. Ila nilianza na la mwisho, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

Dada akasema, "Kumbe mkate hautaki, ila mimi niondoke." Jumamosi asubuhi sanduku lilikuwa sebuleni limefungwa na kamba.

4. Sasa tazama hali yangu asubuhi hiyo. Dada ameshika funguo za gari. Shemeji ameshika ufunguo wa geti. Kompyuta ya kazi ya shemeji imo kwenye buti ya gari, kwa hiyo hafungui geti mpaka apewe funguo za gari. Dada hatoi funguo za gari mpaka geti lifunguliwe, maana akizitoa atatoka na nini? Wamesimama, mmoja kwenye mlango wa gari, mwingine kwenye geti, mimi kati yao na sanduku kichwani. Jirani mshona nguo alitoa kiti akakaa kibarazani kwake. Nilikwenda na kurudi kati ya gari na geti mpaka sauti ikanikauka kabisa. Shemeji akanituma: "Muulize, kwani anaondoka kwa nini?" Nikafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Nikafungua tena. Hakuna kitu.

Shemeji alinitazama, akamtazama jirani, mwisho akamtazama mkewe. "Kwani unaondoka kwa nini?"

"Si wewe umesema niende."

"Mimi? Mimi nilisema ndiyo kwa mkate."

Dada akaketi kwenye ukingo wa kiti cha gari, miguu nje. Alicheka kwanza, halafu akalia, halafu akaniuliza mimi kama nina akili timamu. Shemeji alimwekea ufunguo wa geti mkononi, na yeye akamwekea za gari. Mimi nilibaki na sanduku.

5. Utasema, basi si yameisha. Hayajaisha, Mkuu, yameharibika zaidi. Jumapili shemeji, kwa mapenzi, alibadilisha msimbo wake kimyakimya ufunge jedwali kwanza, ili mkewe afurahi. Dada naye, kwa mapenzi yaleyale, alibadilisha wa kwake kimyakimya ufunge foleni kwanza, ili mumewe afurahi. Jumatatu nikabonyeza kengele. Nesi hakuja. Wameachiana, wamekwama palepale, ila upande wa pili. Na sasa ndiyo balaa. "Mwambie mume wangu asihangaike, narudisha wangu." "Mwambie dada yako apumzike, mimi ndiye nirudishe." Ya ugomvi niliyabeba. Haya ya mahaba, huku nimekaa katikati, yananishinda. Na muuguzi mkuu wa hospitali anakuja Alhamisi kuona kengele ikilia.

Ndiyo maana naomba kuwa kifaa. Kifaa kinafutwa vumbi. Kifaa kinawekewa feni. Kifaa kikichelewesha ujumbe kinazimwa na kuwashwa tena, hakiulizwi kama kina akili timamu. Hakuna mtu aliyewahi kuiuliza ruta ya intaneti kama ujumbe iliufikisha kwa uso uliokunjamana. Nikiharibika, nirudishwe kwa aliyenitengeneza, yaani mama, ambaye yupo na bado ana dhamana. Kama ombi hili litakuwa zito, basi nakuomba utoe agizo la maandishi ni kufuli lipi litangulie, ulibandike ukutani, na wote wawili wakukasirikie wewe.

Wasalimie wote hapo ofisini kwako, mhasibu, dereva, na yule mama wa mapokezi aliyenipa tangawizi ya koo. Dada anakusalimu. Shemeji naye anakusalimu, na amesisitiza dada atangulie, dada amekataa.

Ni mimi, kwa sasa bado binadamu,
Mjaribu programu, meza ya katikati.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha hii, wawili hao wamekwenda ubaoni pamoja, wakazungumza wao kwa wao asubuhi nzima. Jedwali linatangulia kwa wote. Nimebonyeza mara nyingi kadiri nilivyoweza, kengele inalia kila mara. Kwa hiyo barua hii usiishughulikie. Ila tangu asubuhi hakuna aliyenituma kitu. Wanapitisha maneno juu ya kichwa changu kana kwamba hapa pana stuli. Mchana nimemwambia shemeji kwamba dada anaomba asiburuze kiti. Dada hakuomba. Shemeji amesema, "Mwambie samahani." Hiyo samahani ninayo hapa tangu saa hizo, na sijui nimpelekee nani.