Kabati la Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Juni

Sijui useremala. Nimelificha hili tangu nilipostaafu uhakimu. Sasa moyo wangu unapiga kama mgeni anayebisha hodi huku ameshageuka kuondoka, kwa hiyo naona heri niliandike. Kigoda cha sebuleni, kile ambacho wageni hukisifu, nilikinunua dukani. Nilikwangua lebo kwa kisu, nikajikata. Bendeji ile ndiyo iliyowaaminisha watu kwamba nimekitengeneza mwenyewe.

Leo nimejikata tena, safari hii kwa patasi. Binti yangu mkubwa ni nesi. Amenifunga kidole bila kusema neno, nami namjua: akinyamaza hivyo, hukumu imeshaandikwa. Imesomwa mezani, wakati wa chakula cha mchana. Jumamosi ukoo mzima unakuja kuniona. (Hakuna anayetaja kwa nini wote waje siku moja. Adabu.) Ikiwa siku hiyo sitakuwa nimemaliza kabati la mvinyo ninalojigamba nalo tangu mwaka jana, ufunguo wa karakana atauchukua yeye, na vifaa vyote atapewa shemeji yangu.

Shemeji! Mdogo wake mke wangu. Tunamwita Vipimo kwa sababu hatembei bila futi mfukoni, na hupima hata meza za watu aliokwenda kuwapa pole.

Nimeyakubali masharti kwa sauti ya mahakamani. Bila ufunguo ule mimi ni mgonjwa tu, wa kugeuzwa ubavu na kunyweshwa supu. Nikiwa nao, mimi ni mzee mwenye shughuli zake nyuma ya nyumba.

Hali ya kabati kwa sasa: mbao zilizoegemea ukuta. Na wazo.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza kwa kishindo. Chupa zimo ndani ya katoni chini ya kitanda, zawadi za kuagwa kazini. Daktari amenikataza kuzinywa, lakini hakunikataza kuzijengea. Lazima zilale ubavu ili vizibo visikauke. Nimechukua chupa moja ya kupimia matundu, nikatoboa yote kwa kipimo hicho. Kumbe niliichukua ile nyembamba kuliko zote. Nyingine zote zina matumbo.

Halafu rafu ya juu ikakataa kukaa. Gundi mbichi, mikono inatetemeka. Nikaikingia mkongojo wangu kwa chini, ukasimama imara kama nguzo. Nikarudi nyuma hatua chache kuitazama kazi yangu. Hapo nikakumbuka kwamba bila mkongojo siwezi kurudi mbele.

Mke wangu alinikuta nimeketi juu ya gunia la maranda. Nikamwambia nilikuwa nafikiri. Akauliza kama mkongojo nao unafikiri. Ulimi wake ni huohuo aliokuwa akifundishia hesabu. Baba yake alikuwa seremala, na vifaa vyote vya karakana vilikuwa vya mzee yule kabla havijawa vyangu. Alinipa bega hadi kitandani, akanipa kile kidonge cha mchana kinachoniangusha kama gogo.

Mkongojo umegandia rafuni. Gundi nzuri kweli.

Jumatano, 5 Juni

Maajabu. Nimeukuta mkongojo umeegemea mlango wa karakana, safi, hauna hata doa. Rafu imenyooka. Matundu yamepanuka, na chupa zenye matumbo zinaingia bila kusukumwa.

Nimelitafakari jambo hili kisheria na nimefikia uamuzi: mbao ikikauka hujinyoosha yenyewe. Nimeieleza nadharia hiyo mezani mbele ya Vipimo, aliyekuja kutusalimia, maana yake kukagua vifaa atakavyorithi. Nikamfundisha kwamba seremala mwenye subira huiacha mbao itafakari. Vipimo akasema mbao anazozijua yeye zina uvivu wa kutafakari. Mke wangu akapaliwa na chai.

Niliona kitu kimekauka kwenye kidole chake gumba. Kitu cha rangi ya gundi. Nikaamua ni asali. Miaka yote ile nimewafunga watu kwa ushahidi mwembamba kuliko huo.

Alhamisi, 6 Juni

Kidonge nimekitema kwenye chungu cha maua. Nikasubiri nyumba itulie, nikajikokota hadi dirisha la karakana.

Mke wangu alikuwa ndani. Amevaa aproni yangu, miwani juu ya paji la uso, penseli sikioni. Anapiga randa. Maranda yanatoka marefu, yamejikunja, membamba kama ganda la kitunguu. Yangu mimi hutoka kama makapi. Na alikuwa akiimba, kwa sauti ya chini. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akiimba ndani ya nyumba yangu.

Hapo mtu mwenye heshima zake angebisha mlango. Angesema, mama watoto, kumbe! Angeketi juu ya gunia na kumshikia ubao.

Mimi nilipiga hesabu. Imebaki droo. Imebaki milango. Zimebaki zile pembe ngumu. Leo ni Alhamisi. Kwa kasi ile, tunawahi.

Nikarudi kitandani. Alipokuja kunichungulia nikakoroma. Nilikoroma vizuri mno, mpaka akanifunika shuka.

Jioni nilikwenda karakana nikaacha vipande vya droo juu ya meza, kama mtu aliyesahau. Nikamchongea penseli. Nikaisogeza taa karibu na jiliwa, pale anapobania mbao, kwa sababu jicho lake la kulia limeanza ukungu. Nikabeba kile kigoda cha dukani nikakiweka pale anaposimama, miguu isimchoshe. Katika wiki hii hakuna kazi niliyoifanya vizuri kuliko hiyo, na hakuna inayonitia aibu kuliko hiyo.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi nimetengeneza mlango wa kushoto. Peke yangu! Ili nisiwe mwongo mtupu. Unapendeza ukiutazama kwa mbali, ukiwa wazi.

Alasiri balaa. Nimelala (yaani nimefumba macho), mke wangu yumo karakana, mara nasikia mluzi wa Vipimo getini. Nikatoka na pajama, mbio ambazo daktari angezipiga marufuku, nikamnasa barazani na kumlazimisha aketi. Tukaketi. Tukaongelea mvua. Karakana ikaanza: shwaa, shwaa, shwaa.

Vipimo akaniuliza, ikiwa mimi niko hapa, ni nani anayepiga randa kule. Nikamwambia ni redio. Akataka kujua ni redio gani. Nikamwambia kuna kipindi cha ufundi. Ikafuata nyundo, halafu sauti ya dada yake ikiutukana msumari uliopinda. Nikasema sasa ni mchezo wa kuigiza.

Mke wangu akatoka mwenyewe, fagio mkononi, akasema alikuwa akifagia. Maranda yamejaa kichwani. Vipimo akainuka, akanyofoa moja katika nywele zake, akalinyoosha kwa vidole, akaliangalia dhidi ya mwanga.

"Marehemu baba alikuwa akiyatoa membamba hivihivi," akamwambia.

Mimi hakunitazama. Akalitia mfukoni pamoja na futi yake, akaaga. Hakupima kitu chochote. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jumamosi, 8 Juni

Wamekuja wote. Viti vimeazimwa kwa jirani. Kabati limesimama sebuleni, chupa zimelala ndani kama watoto wachanga wodini. Wajukuu wakapiga makofi. Mtu akasema, mikono ya babu hiyo! Mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe. Nikaufunga. Ukafunguka.

Binti yangu akataka picha. Nikasimama, kiganja juu ya kabati, kifua mbele. Watu wakabadilishana zamu ya kusimama nami. Aliyeshika simu kupiga picha ni mke wangu. Hayumo hata katika moja.

Kisha Vipimo akapiga goti mbele ya kabati, akapitisha kidole kwenye pembe. Nilijiandaa kwa kejeli. Badala yake akasema kwa upole:

"Shemeji, hebu tufafanulie hizi pembe. Hakuna msumari. Zimeshikana vipi?"

Nilielewa. Alikuwa akinipa nafasi, kama nilivyokuwa nikiwapa washtakiwa vijana, pale unapouliza swali taratibu ili mtu ajisemee mwenyewe. Ilikuwa inatosha kusema: muulize dada yako. Nikafungua kinywa. Nikauona ufunguo mkononi mwa binti yangu.

Nikasema ni uzoefu.

Mke wangu akadakia, akawaambia waniache, dawa zangu zinanisahaulisha. Akaeleza yeye, harakaharaka, kama mtu aliyesimuliwa tu: ubao huu unachongwa ulimi, ule unatobolewa, vinaingiana, vinashikana vyenyewe. Binti akanikabidhi ufunguo na kunibusu paji la uso. Vipimo akatoa mfukoni lile ganda la mbao alilolinyofoa jana nyweleni mwa dada yake, akaliweka juu ya kabati, mbele yangu, akaenda kutafuta glasi.

Nilijiambia kwamba nimeuokoa ufunguo kwa ajili yetu sote wawili. Ukichukuliwa, si mke wangu pia atafungiwa nje? Utetezi huo ningeletewa kortini ningeutupilia mbali.

Wageni walipokuwa bado uani, nikamfuata jikoni. Alikuwa akisuuza glasi. Akaniuliza bila kugeuka:

"Utawaambia lini?"

"Nikishakufa."

"Basi, Mheshimiwa, usikawie."

Nikacheka. Naye akacheka, maji yakamrukia. Kisha akaacha, akarudi kwenye glasi zake, na mimi nikaendelea kucheka peke yangu kwa muda, maana sikujua niuweke wapi uso wangu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeyasoma haya yote tangu mwanzo. Aibu tupu. Nimeazimia kubadilika.

Nimemwambia mke wangu hivyo wakati wa chai. Nikasema mtu aliyefika nilipofika hapaswi kubeba mzigo wa uongo. Akaitikia vizuri. Nikaongeza, kwa vile tuko kwenye ukweli, ule mlango wa kushoto hauwezi kujinyoosha siku moja, nikiwa nimelala?

"Ule niliuacha makusudi," akasema. "Ule ni wako."

Mara simu ikalia. Binti yangu. Hajalala kwa kulifikiria kabati. Anataka na yeye moja, la sebuleni kwake, lenye droo mbili na pembe kama zile, ili baadaye awe na kitu cha mkono wa baba yake. Alipotamka neno hilo, baadaye, akakimbilia kuniuliza rangi ya mbao. Ilikuwa nafasi nyingine, safi kabisa, na wala hapakuwa na watu wa kunitazama.

Nikamwambia nitamtengenezea kubwa zaidi. Mke wangu hata kikombe alikuwa hajakiweka chini.

Akaondoka mezani. Nikadhani amekasirika. Baadaye nikamwona kupitia dirishani: yuko karakana, anageuza mbao moja moja, anazigonga kwa kidole na kusikiliza. Hajaimba bado. Natega sikio.

Penseli nimeshaichonga. Taa nimeisogeza. Kigoda kiko mahali pake. Saa ya kidonge imekaribia nami naenda kukoroma. Lakini kwanza, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, nakiri: kabati la mvinyo lililoko sebuleni kwetu amelitengeneza mke wangu. Mimi nilitengeneza mlango wa kushoto, ule usiofunga.