Kuku wa Sufuria na Vibanio vya Mkurugenzi

Wananchi wote tulitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, kwamba Ofisi ya Matumizi Sahihi ya Vyombo vya Nyumbani imeundwa, na kuanzia siku hiyo kila chombo kitafanya kazi ambayo kimetengenezewa, basi.

Lilikuwa jambo la busara. Mtaa wetu ulishaoza. Fundi cherehani alizuia mlango kwa pasi. Kinyozi alimwagilia mchicha kwa birika la chai. Mama wa dukani alifunika nyanya kwa chandarua, yeye akaliwa na mbu.

Mimi niliteuliwa mjumbe wa kamati ya mtaa kwa sifa zangu, yaani nina benchi refu.

Akaja Mkaguzi, kijana nadhifu, hana mzaha hata chembe. Alipita nyumba kwa nyumba akikusanya pasi na mabirika, nami nikimsifu. Kisha akaingia jikoni kwangu. Nyuma ya mlango, ndani ya sufuria langu kuukuu lililotoboka kitako, kuku wangu mwekundu alikuwa ameatamia. Nilimtandikia fulana ya marehemu babu yenu, wajukuu zangu, ile ya mistari. Mayai yalishaanza kugongwa kwa ndani. Ukitega sikio unasikia.

"Bibi, hiki nini?"

"Kuku, mwanangu."

"Ndani ya sufuria?"

"Si unamwona?"

Akafikiri. "Kuku ndani ya sufuria anaruhusiwa. Tatizo ni kwamba yuko hai."

"Sasa nimfanyeje?"

"Una njia mbili. Umtoe, au uwashe moto."

"Nikimtoa sasa mayai yatapoa. Vifaranga watafia humo humo, na wamebakiza kutoka tu!"

"Hilo ni la idara ya mifugo. Mimi nashughulika na sufuria."

"Lakini limetoboka, mwanangu."

"Tundu halimo kwenye kanuni, Bibi." Akanipa mkono wa pongezi. Mkurugenzi, alisema, angekuja kesho yake kuzindua Wiki ya Chombo Kazini, na angeliwashia moto sufuria langu yeye mwenyewe, mbele ya watu. Kama mjumbe, niliona fahari. Kama mwenye kuku, nililala jikoni, kando ya sufuria.

Kesho yake uani kwangu palijaa. Mkurugenzi aliingia, tumbo mbele, yeye nyuma. Jiko la mkaa liliwekwa katikati, na sufuria likaletwa na kuku wangu ndani yake, akitukodolea macho. Mkurugenzi akachukua kiberiti, akainama.

Kifungo cha suruali kikaruka, kikamgonga fundi cherehani. Zipu ikafuata.

Mkurugenzi akanivuta pembeni, jasho likimtoka. "Bibi, nisitiri mwanao. Huna chochote?"

Nikachomoa vibanio viwili kwenye kamba ya nguo. Akabana kiuno, akashusha koti, akarudi kwenye kipaza sauti kama si yeye.

"Hakuna aliye juu ya kanuni!" akanguruma.

Watu wakapiga makofi. Mkaguzi peke yake hakupiga. Alikuwa anatazama kiuno.

"Mheshimiwa," akasema, "vibanio ni vya nguo mbichi, juu ya kamba."

"Kijana, nyamaza."

"Una njia mbili," Mkaguzi akaendelea, kwa heshima zote. "Nivitoe, au tukulowanishe tukutundike."

"Mtundike!" kinyozi akapaza sauti kutoka nyuma. "Kamba ya Bibi ni imara!"

Mkaguzi ni mtu wa kazi. Akavichomoa, akanikabidhi mimi, mwenye kamba.

Suruali ikaanza safari. Mkurugenzi akatupa kiberiti, akaidaka magotini.

"Kanuni imefutwa!"

"Ya vibanio tu, Mheshimiwa?" Mkaguzi akauliza.

Nikaona nisaidie, kama mjumbe. "Na ya sufuria je?" nikasema, vibanio nimevikumbatia kifuani.

"Zote, Bibi! Zote! Hebu leta hivyo!"

Jioni hiyo vifaranga walitoka, wote wazima, wakatapakaa jikoni. Birika la kinyozi lilirudi kwenye mchicha.

Viongozi tumewaona wengi, lakini aliyemtetea kuku wa mtu mdogo kwa mikono yote miwili ni huyo mmoja tu. Mikono yenyewe ilikuwa kwenye suruali, sawa. Lakini ilikuwa yote miwili.