Hoteli Iliyovunja Uadui Wetu Bila Kibali

Balozi wa Nyumba Kumi,
Karatu.
9 Julai, 1981.

Ndugu Katibu Tarafa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA HOTELI YA UFUKWENI

Baada ya salamu za heshima, mimi ni mzima wa mwili, ila nafsi haijatulia tangu Alhamisi iliyopita. Nakuandikia kwa adabu zote kumshtaki Ndugu Hasani, mfanyabiashara aliyetoka Tanga, ambaye amefungua hoteli kando ya lambo la kunyweshea mifugo na kuipa jina la Ufukweni. Jina sina neno nalo. Maji yapo, upepo upo, na mtu akifumba macho na kuziba pua anaweza kuamini kuwa yuko pwani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanangu Josephati anataka kumwoa Seenoi, binti wa Mzee Metui wa Kakesio. Sisi ni Wairaqw, wao ni Wamasai, na kati ya ukoo wangu na wa Metui kuna uadui mzuri, uliotunzwa tangu enzi za babu zetu kwa sababu ya ng'ombe. Nani aliiba wa nani, kila upande una hakika. Basi nilimwalika Metui tule chakula cha mchana mahali pasipo pangu wala pake, nimkatalie kistaarabu. Hotuba ya kukataa niliiandaa wiki tatu. Yaliyonipata ni haya:

1. Ndugu Hasani alitutangazia kwamba siku hiyo kulikuwa na pweza mkavu, aliyesafiri kwa basi kutoka Tanga. Mimi tangu kuzaliwa sijala kiumbe cha majini, na Metui ndiyo kabisa. Lakini nani angetangulia kusema hawezi, mbele ya adui yake? Tukaagiza sahani mbili.

2. Pweza akaja na miguu yake yote. Metui alimtazama sana, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, hii kitu iko na miguu ngapi?" Nikamwambia nane. Akasema, "Ng'ombe anatosha na nne. Huyu alikuwa anakimbia nini?" Naomba izingatiwe kwamba hapo nilikaribia kucheka, jambo ambalo halikuwemo kwenye hotuba.

3. Ugumu. Kipande kimoja nilikitafuna mpaka kundi zima la ng'ombe likaja, likanywa maji, likaondoka.

4. Hasani alipoingia jikoni kwa mkewe Mwanamisi, Metui akanikonyeza. Sijawahi kukonyezwa na mtu wa ukoo ule. Tukainuka, wazee wawili wenye mvi, tukammwaga pweza lamboni. Hasani akatokea mlangoni. "Wazee wangu, mnamrudisha kwao?" Metui akajibu bila kupepesa macho, "Ndiyo. Amekumbuka watoto." Nilicheka mpaka nikashikilia nguzo ya hoteli, na Metui akanishikilia mimi.

5. Tuliondoka na njaa ileile tuliyokuja nayo. Njiani Metui akafungua kibuyu chake cha maziwa, akanipa mimi kwanza. Ndugu Katibu, baba yangu alikufa bila kuonja hata maji ya watu wale. Nilisimama na kibuyu mkononi katikati ya barabara kwa muda mrefu. Kisha nikanywa. Nilipomrudishia, Metui alikuwa anafuta macho, akadai ni vumbi. "Hata mimi nilikuja kukataa," akasema. "Sasa maneno yamenipotea."

6. Hasara bado inaendelea. Jumapili Seenoi alikuja kwangu, akaniamkia na kuniita baba, nami nikaitika kabla sijajizuia.

Kwa hayo yote, naomba hoteli hiyo ifungwe mara moja. Ikishindikana, basi Serikali isogeze bahari hadi Karatu, ili pweza atufikie akiwa bado laini na kila mtu ale, ashibe, aendelee kumchukia jirani yake kwa utulivu. Na kama hilo nalo ni gumu, nipatiwe adui mwingine wa kiwango kilekile. Asiwe mgeni, tafadhali. Kwa umri wangu huu siwezi kulea uadui mchanga.

Wasalimie wote hapo ofisini, mama watoto na watoto, na jirani yako yule mnayegombania mpaka. Mwambie namwonea wivu.

Ni mimi niliyebaki bila adui,

Felisiani Tluway.

Tanbihi: Barua hii nimemsomea Metui kabla ya kuitia kwenye bahasha. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaniuliza, "Sasa wakifunga pale, mimi na wewe tutakuwa tunakutana wapi?" Kwa hiyo nakusihi sana, Ndugu Katibu, barua hii usiifungue.