Mpagazi wa Sajini Ngassa

Jumamosi, 7 Juni

Tumeanza mchezo mpya nyumbani kwa Mwalimu Koleta, Chemchem. Ni vita ya mwaka 1916, inachezwa mezani. Ramani ya kadibodi, dadu moja, na kila mtu ana mtu wake wa kuigiza. Koleta anasimulia linalotokea, dadu inaamua kama tumepona. Nilitaka kuwa sajini. Kura ikamwangukia Ngassa, fundi cherehani. Asnath, ambaye ni nesi, akawa tabibu wa kikosi. Mimi Anselm, mtu mzima mwenye duka la asali, nimekuwa mpagazi. Nabeba sufuria. Ngassa ameniamuru mara nne niishike vizuri. Sufuria yenyewe haipo, ni ya kusimuliwa tu, lakini mabega yananiuma.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata dawa ya Ngassa. Nimenunua dadu, nikatoboa upande wa sita, nikatia kipande cha risasi, nikaziba kwa nta. Nimeirusha mara ishirini. Moja, kila mara. Na moja maana yake umepigwa. Ngassa akianguka, sajini ni mimi. Nitabadilisha dadu kabla hajarusha, kisha nitairudisha ile nzuri. Mke wangu, Imakulata, ameuliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia ni mambo ya biashara.

Jumamosi, 14 Juni

Nilibadilisha dadu Koleta alipokwenda kuepua chai. Ngassa akarusha. Moja. Amepigwa mguuni. Nikasikitika kwa sauti. Koleta akasoma kanuni: sajini aliyejeruhiwa haondolewi cheo, anabebwa. Mbebaji ni mpagazi.

Basi sufuria mkononi, Ngassa mgongoni, njia nzima hadi Sikonge.

Nikatafuta dadu nzuri ili Asnath amtibu. Mfuko wangu umetoboka, dadu haipo. Asnath akarusha. Moja. Akarudia. Moja. Akasema tangu aanze uuguzi hajaona kidonda kikaidi namna hii.

Koleta akaniuliza, "Anselm, utamwacha porini?"

Kisha akasema taratibu kwamba baba wa babu yake alibeba mizigo katika vita ile ile. Alitoka Tabora, hakurudi, na hakuna daftari lenye jina lake.

Hamu ya mzaha ikaniisha. Nikasema natupa sufuria, nambeba Ngassa. Ngassa akafuta macho. Hapo nikashindwa, nikakiri habari ya dadu.

Asnath alinitazama kama mtu anayechagua sindano nene. Ngassa akacheka mpaka akapaliwa na chai.

"Umenipiga risasi, halafu ukanibeba," akasema. "Chukua usajini, ndugu yangu. Kwa mguu huu mimi siuwezi."

Koleta akakubali, kwa sharti kwamba nisiguse dadu tena. Asnath atanirushia.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nimetubu kwa dhati. Hila hazimfikishi mtu popote. Cheo huja kwa moyo safi, nimeliona hilo mwenyewe.

Baada ya ibada Koleta ameniambia kuwa Agnetha wa Igalula atajiunga nasi Jumamosi ijayo, na kwamba aliwahi kuwa mgambo wa kweli. Anajua kupiga kwata. Mtu kama huyo anaweza kuombwa awe sajini.

Nimempigia simu kumkaribisha kiungwana. Nimemweleza kwamba mchezo umehamishiwa Jumatatu.